Kusoma besi kwenye kaye

Bandugu, kwa kujifunza gitare ya besi si lazima ujue solfeji. Tablatura inatosha kwa kuanza. Chora mistari mine kwenye kaye: wa chini kabisa ni kamba nene, mi; juu yake la, kisha re, na sol ile nyembamba. Namba inakuambia ubonyeze nafasi ya ngapi. 0 ni kupiga kamba bila kubonyeza. Noti ya sol ni 3 kwenye kamba mi. Do ni 3 kwenye kamba la, re ni 5 palepale. Kwa hizo tatu, unasindikiza nyimbo nyingi za kwaya.

Lakini tablatura ya kawaida inaonyesha wapi, haionyeshi lini. Na rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika kwenye urithi wa utamaduni mwaka 2021, besi yake inajua kunyamaza. Ukifuata namba tu, utapiga kama agronomu anayehesabu miche kwenye pepinieri! Imba kwanza besi kwa mdomo. Mimi naandika 1 2 3 4 chini ya mistari, naacha wazi pale inaponyamaza.

Tablatura za nyimbo za kwetu ni chache kwenye intaneti. Kama Kasongo ao Kabambare unajua muzee mwenye kupiga besi, enda kwake na kaye, apige polepole, uandike.