Mikono Iliyozoea Vitufe Vyake



Mwezi uliopita tulifika kwa mama mmoja wa Picha ya Ndege, Kibaha, ambaye kwa miaka mingi amechapa barua, matangazo ya Dominika na vyeti vya ubatizo vya parokia yake. Tulimkuta barazani, anakung'uta mkono wa kulia kama mtu anayekausha maji. "Wanangu, naogopa ni kiharusi," alituambia. "Usiku vidole vinakufa ganzi hadi naamka. Yameanza waliponiletea hiyo kompyuta mpya."

Mama huyu alijifunza kupiga taipu katika Chuo cha Uhazili Tabora. Kompyuta wakati huo zilikuwa adimu, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Zilipoanza kuenea miaka ya 1990, alifundishwa programu ya WordPerfect 5.1, ile ya kioo cha buluu na herufi nyeupe, isiyohitaji kipanya. Kila kazi ina kitufe chake: F10 kuhifadhi, F7 kutoka. Aliitumia mpaka mwaka jana mashine ilipokufa. Katika programu mpya ya Word, F7 humletea ukaguzi wa tahajia, na F10 humpeleka juu kwenye orodha ya amri. Vijana wa ofisini wakamcheka: "Mama, wewe ni mbishi tu."

Sisi tunasema si ubishi. Kazi ya mikono iliyorudiwa maelfu ya mara huhifadhiwa na sehemu za ubongo zilizo tofauti na zile zinazotunza majina na matukio. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison, mgonjwa wa kifafa, alipasuliwa ubongo, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner wa Montreal, Kanada, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku hata siku mkono ulizidi kuwa hodari, ingawa yeye hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi ile. Ndivyo ilivyo kwa mchapaji. Mwulize herufi fulani iko wapi, atasita. Mpe kitufe, kidole kitakwenda chenyewe. Hata mwandishi maarufu George R. R. Martin alieleza mwaka 2014 kwamba bado anaandika kwa WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980. Hakuna aliyemcheka, au labda walimcheka kidogo.

Basi mtu akibadilishiwa ghafla, analazimika kufikiri kila hatua. Anakaza mabega, anashika kipanya kwa nguvu, anachelewa na kukaa saa nyingi zaidi ili amalize kazi ileile. Kiti cha mama yetu kilikuwa kifupi, meza ndefu, na kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kutwa nzima.

Daktari hakukuta kiharusi. Alikuta mshipa wa fahamu unaobanwa katika njia nyembamba inayopita kwenye kifundo cha mkono. Dalili zake ni ganzi na mchomo katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa usiku. Ukikung'uta mkono unapata nafuu. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika. Hatusemi kuchapa pekee ndiko kulikoleta ugonjwa huu, kwani wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Mama ana kisukari, nacho huongeza hatari. Wajawazito nao hupatwa, na wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo.

Kiharusi huja ghafla: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka sawasawa. Ukiona hayo usingoje hata kidogo, wala usitafute aliyekuroga. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kwa ganzi ya kifundo, matibabu ya kwanza ni kuvaa banzi usiku ili mkono ukae umenyooka, kwa wiki sita hivi. Isipopungua kuna sindano, na mwisho kuna upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa nafasi. Usikawie mpaka nyama iliyo chini ya kidole gumba ianze kupungua au vikombe vianze kukuponyoka. Jirani zetu wa Kibaha waanzie kituo cha afya. Ikibidi watapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Mezani, kiti kiinuliwe hadi viwiko vilingane na vitufe, kifundo kinyooke, na baada ya kila nusu saa mtu ainuke, hata kama ni kwenda kuchungulia sufuria ya maharage.

Tulipopita tena, mama alikuwa amekalia mto juu ya kiti. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amegundua kwamba programu ile mpya inakubali kupangiwa vitufe upya, akairudishia F10 kazi ya kuhifadhi na F7 kazi ya kufunga. Ganzi haijaisha yote, ila analala mpaka alfajiri. Alituonyesha vyeti sita vya ubatizo alivyochapa asubuhi ile, kisha akatuuliza kama tumekuja kula au kuandika.