Mlango Mwembamba wa Kuingia Ligi Kuu

Juni 2023, mashabiki wa Mbeya City walitoka Uwanja wa Sokoine wakiwa wameduwaa. Mashujaa ya Kigoma ilikuwa imeanza kazi nyumbani, Lake Tanganyika, ikaimalizia Mbeya mbele yao. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara ikashuka, ya Championship, yaani daraja la pili, ikachukua nafasi yake.

Ili kuelewa ilivyofika pale, tuanze na hesabu. Championship ina timu 16, na kila moja hucheza mechi 30, nyumbani na ugenini. Mbili za juu hupanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne hukutana mara mbili, na mshindi wao hapandi bado: humsubiri anayepoteza mchujo wa huko juu. Ligi Kuu nayo ina timu 16. Ya 15 na ya 16 hushuka bila mjadala, ya 13 na ya 14 huchuana zenyewe, na anayepoteza ndiye anayekabidhiwa kwa yule aliyetoka chini. Kwa hiyo timu iliyomaliza ya tatu au ya nne, ikivuka mchujo wa kwanza, hufikisha mechi 34 kabla ya kujua kama imepanda.

Majina huwachanganya wengi. Hadi 2021 ligi hii iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, na mitaani bado inaitwa hivyo. Chini yake iko First League, ambayo kwa mpangilio ni daraja la tatu, kisha ligi ya mabingwa wa mikoa. Zanzibar ina ligi zake.

Ugumu wa daraja hili hauonekani kwenye msimamo. Uko barabarani. Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma hukata zaidi ya kilomita 1,200, na wachezaji wanatakiwa kushuka wakiwa na nguvu za dakika 90. Timu za majeshi zina taasisi nyuma yao. Ya wananchi huanza msimu kwa kuchangishana nauli. Ikishindwa kufika uwanjani, mpinzani hupewa pointi tatu na mabao matatu, na yenyewe huadhibiwa zaidi. Mwenyeji naye ana mzigo wake. Kabla ya mechi hufanyika kikao: jezi za timu zote mbili huwekwa mezani, za makipa pia, waamuzi na kamisaa wazitazame kama rangi hazigongani. Leseni za wachezaji hukaguliwa moja moja. Halafu linaulizwa gari la wagonjwa, maana bila gari hilo mpira hauanzi.

Ndiyo maana nafasi kwenye ligi imekuwa mali. DTB ilipanda 2022, na kabla msimu mpya haujaanza ikawa Singida Big Stars. Kitayosce, yenye asili ya Kilimanjaro, ilipanda 2023 ikiwa tayari Tabora, na baadaye ikaitwa Tabora United. Singida na Tabora walifurahia kupata mpira mkubwa. Lakini aliyeishangilia timu tangu ngazi ya mkoa huachwa mikono mitupu, na hilo linastahili kusemwa waziwazi.

Wengine hawanunui njia ya mkato. Pamba ya Mwanza, bingwa wa nchi mwaka 1990, ilishuka 2001. Mwaka 2023 iliingia mchujo ikatolewa na Mashujaa haohao. Msimu uliofuata haikutaka tena mchujo: ilishika nafasi ya pili nyuma ya KenGold na kupanda, ikiitwa sasa Pamba Jiji.

Mbeya City nayo ilisota misimu miwili. Iliporudi mwaka 2025 iliongozana na Mtibwa Sugar, bingwa wa nchi wa 1999 na 2000, aliyekuwa ameshuka mwaka mmoja tu kabla.