Motokaa Iliyoundwa Nyumbani na Safari ya Petroli

Katika nchi ya Uingereza wako watu wasiopenda kununua motokaa iliyo tayari, bali huletewa vipande vyake ndani ya masanduku, kisha huviunganisha wenyewe katika banda lililo nyuma ya nyumba. Si wote walio mafundi. Wengine ni makarani, wengine waalimu, wengine wakulima, na kazi hiyo huifanya jioni baada ya kutoka kazini na siku za mapumziko. Mtu aweza kutumia mwaka mzima au zaidi kabla ya magurudumu kugusa barabara. Na siku hiyo ifikapo, mara nyingi hukutana na adui asiyemtazamia: injini inayonguruma vizuri bandani, lakini ikienda maili moja au mbili hufa kwa kukosa petroli.

JINSI DESTURI HII ILIVYOENEA

Desturi ya kujiundia motokaa ilienea sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Motokaa mpya zilikuwa adimu na za bei kubwa, tena Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika. Vipande vilivyouzwa bila kuunganishwa havikutozwa kodi hiyo.

Mmoja wa watu waliotambua faida ya jambo hili ni Colin Chapman, aliyezaliwa mwaka 1928. Mnamo mwaka 1948 alilitengeneza upya gari kuukuu la Austin Seven ili lifae kwa mashindano. Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus huko London, na mwaka 1957 kampuni hiyo ikatoa gari dogo liitwalo Lotus Seven. Lilikuwa jepesi mno, uzito wake chini ya kilo 500, na magari mengi ya kwanza yalitiwa injini ya Ford yenye ujazo wa sentimita 1,172. Likiwa kamili, pamoja na kodi, bei yake ilikuwa pauni 1,036. Likiwa vipande, pauni 536 tu.

Kodi ile ya ununuzi iliondolewa mwaka 1973, na kodi ya ongezeko la thamani ikachukua mahali pake, hata faida ile ya bei ikaisha. Mwaka huo huo kampuni ya Caterham Cars ilipata haki ya kuendelea kuliunda gari hilo, na mpaka leo watu hununua vipande vyake. Ni wazi basi kwamba jambo linalowavuta si bei peke yake. Ni fahari ya mtu kuketi juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe na kuondoka nayo.

TOFAUTI NA GARI LA KIWANDANI

Lakini fahari hiyo ina mzigo wake. Gari la kiwandani, kabla ya kuuzwa, limekwisha kujaribiwa katika joto na baridi, mlimani na bondeni. Likiharibika baadaye, fundi hutafuta kitu kilichochakaa. Gari lililoundwa nyumbani halikujaribiwa na mtu yeyote. Huenda kosa liliingia humo siku ile ile ya kuundwa, na anayelitafuta ndiye aliyeliweka. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa maana hakuna mtu apendaye kuishuku kazi yake mwenyewe. Hushuku kwanza kitu alichokinunua kwa mwingine, nacho mara nyingi ni kabureta.

Kabureta hulaumiwa kuliko chombo chochote katika gari, hali makosa mengi hutokea kabla petroli haijaifikia. Ili kufahamu sababu, yafaa kwanza kuijua safari yote ya petroli.

NJIA YA PETROLI

Petroli hutoka katika tangi, ambalo katika magari ya namna hii huwekwa nyuma. Hupita katika bomba jembamba na chujio mpaka kwenye pampu. Pampu ya zamani hukaa ubavuni mwa injini na huendeshwa na injini yenyewe. Ndani yake mna utando laini unaopanda na kushuka, ukivuta petroli kutoka tangini na kuisukuma mbele. Pampu ya umeme ni bora iwekwe karibu na tangi, kwa kuwa nyingi zake ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta.

Kutoka kwenye pampu petroli huingia katika bakuli ya kabureta. Humo mna boya dogo. Bakuli ikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka bakulini petroli hupita katika tundu dogo sana liitwalo jeti, ikachanganyika na hewa na kuvutwa silindani. Kwa kila kilo moja ya petroli, injini huhitaji hewa kilo 14 na zaidi kidogo ili iungue sawasawa. Petroli ikipungua, injini hukohoa na kufa. Ikizidi, hutoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi.

Yako mambo mengine mawili ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni kwamba petroli haiwezi kutoka tangini isipokuwa hewa inaingia kushika nafasi yake. La pili ni kwamba petroli huanza kuchemka katika joto dogo sana, kiasi cha nyuzi 35 za sentigredi au zaidi kidogo, na mvuke wake ukijaa bombani pampu huvuta mvuke huo badala ya petroli.

MFANO WA KARANI MMOJA

Chukua mfano wa kutunga, uliokusanywa kutokana na mambo yanayowapata wengi. Karani mmoja amemaliza gari lake baada ya miaka miwili. Akiba yake yote imo humo. Mkewe amevumilia jioni nyingi za upweke, na watoto wameahidiwa safari ya baharini. Asubuhi ya kwanza injini yawaka mara moja, na nyumba nzima yatoka kushangilia. Anaondoka kwa madaha. Baada ya dakika kumi injini yafifia, yakohoa, na kufa. Anangoja robo saa, anaiwasha tena, nayo yakubali. Baada ya dakika kumi, ni vile vile.

Anarudi nyumbani na kufungua kabureta. Bakuli anaikuta karibu tupu, nayo ni safi. Hapo angalikuwa na busara, angaliona kwamba kabureta imekwisha kumpa jawabu: kosa liko nyuma yake, kwa kuwa petroli haikufika. Lakini yeye anabadilisha jeti, anatia yenye tundu kubwa zaidi, kisha anakunja kidogo mkono wa boya. Kesho yake gari lafa tena dakika ya kumi. Anabadilisha plagi. Ananunua pampu mpya. Wiki tatu zapita, na watoto hawaulizi tena habari za safari.

Mwishowe, gari likiwa limekufa kando ya njia, anafungua kifuniko cha tangi ili atazame kama petroli imo. Papo hapo anasikia hewa ikiingia kwa nguvu, kama mtu avutaye pumzi. Ndipo anapokumbuka. Tangi alilipaka rangi yeye mwenyewe, kwa uangalifu mwingi, makoti mawili, na rangi ile imeliziba tundu dogo la kupitishia hewa. Pampu ilikuwa ikivuta mpaka haiwezi kuvuta tena. Gari likisimama, hewa hupenya polepole na petroli hutiririka upya.

Analizibua tundu kwa sindano ya kushonea. Lakini sasa gari latoa moshi mweusi na plagi zajaa masizi, kwa sababu ya jeti na boya alivyovichezea. Alikuwa na kosa moja. Kwa pupa amejiongezea mawili.

Jioni hiyo mkewe aja bandani na kusema kwamba asikia harufu ya petroli tangu jikoni. Karani ajibu kwamba banda la motokaa halikosi harufu. Mkewe hakubali. Wanachukua tochi, na kuona mpira wa petroli karibu na pampu mpya ukidondosha tone baada ya tone, nusu futi tu kutoka kwenye bomba la moshi. Kibano chake hakikukazwa.

UTARATIBU WA KUTAFUTA KOSA

Mtu mwenye busara huanza tangini na kuifuata petroli hatua kwa hatua, na habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja. Akibadilisha kitu kimoja, hujaribu gari, kisha huandika katika daftari alilofanya na lililotokea.

Kwanza, hutazama tundu la hewa la tangi. Gari likifa safarini, hufungua kifuniko mara moja. Likiwaka baada ya hapo na kwenda vizuri, kosa limeonekana.

Pili, hutazama uchafu. Tangi jipya aghalabu huwa na unga wa chuma na mabaki ya kuchomelea, na la zamani huwa na kutu. Uchafu huo huvutwa mpaka kwenye chujio au mdomo wa bomba, na gari likitulia huanguka chini tena, hata mtu akadhani kosa limejiondokea. Tangi lazima lisafishwe kabla ya kufungwa, si baadaye.

Tatu, hutazama kama hewa inaingia katika bomba kati ya tangi na pampu. Mahali hapo pana hila, maana pampu inapovuta, ufa mdogo huingiza hewa ndani bila kudondosha hata tone moja nje. Kila kiungo hukazwa, na mpira ulio na nyufa hutupwa.

Nne, hupima kazi ya pampu. Injini ikiwa baridi na gari likiwa nje mahali pa wazi, huondoa waya wa moto ili injini isiwake, huchomoa bomba kwenye kabureta na kulielekeza katika kopo safi, kisha mwenziwe huizungusha injini kwa stata. Petroli yapaswa kutoka kwa mapigo ya nguvu, bila mapovu. Pampu yenye nguvu kupita kiasi nayo ni kosa. Kabureta nyingi hutaka msukumo wa ratili 3 au 4 tu kwa inchi ya mraba. Ukizidi, sindano hushindwa kuziba na petroli hufurika.

Tano, hutazama njia ya bomba. Likipita karibu na bomba la moshi, petroli hugeuka mvuke siku za joto. Dawa yake ni kulihamisha au kulikinga kwa bati.

Kabureta huja mwisho, baada ya hayo yote kuonekana kuwa sawa.

HATARI YA MOTO

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutulia katika mashimo, na cheche moja ya swichi yatosha kuuwasha. Kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na sigara, taa ya moto na jiko. Kizima-moto cha unga au cha povu huwekwa karibu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake ikiwaka na kwenda nayo.

Tena, petroli ya siku hizi si ile ya mwaka 1957. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza imetiwa spiriti ya ethanoli mpaka sehemu 10 katika 100. Spiriti hiyo huvuta unyevu, hulainisha mipira ya zamani hata ikapasuka, na huweza kuharibu matangi ya faibaglasi yaliyotengenezwa zamani. Mwenye gari la namna hii hutafuta mipira iliyotengenezwa kwa petroli hiyo, na huiangalia kila mwaka.

FAIDA KWA WENGINE

Si lazima mtu awe na motokaa ya kujiundia ndipo afaidike na habari hizi. Injini ndogo ya petroli inayovuta maji mtoni, au inayosaga mahindi, ina tangi, tundu la hewa, chujio na kabureta vivyo hivyo, ingawa mara nyingi haina pampu, kwa kuwa petroli hushuka yenyewe kutoka juu. Mkulima ambaye injini yake hufa kila baada ya dakika chache, na afungue kifuniko cha tangi na kusikiliza kabla ya kumlipa fundi fedha ya kabureta mpya.

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Karani yule alirudisha jeti ya kwanza, akalinyosha boya, akakaza kibano, akahamisha bomba. Kazi hiyo ilimchukua siku moja. Jumamosi iliyofuata watoto walikwenda baharini, wawili wawili kwa zamu, kwa kuwa gari lenyewe lina viti viwili tu, nao walisongamana katika kiti kimoja. Mkewe alikuwa wa mwisho kupanda, na kabla ya kupanda aliinama akanusa chini ya gari.