Je, wajua? Foili haijali upande

Ukifunga samaki kwa foili, upande upi ukae ndani: unaong'aa au uliofifia? Wowote. Tofauti hiyo hutokea kiwandani tu. Bamba la aluminiamu hupitishwa kati ya rola za chuma mara kadhaa mpaka liwe jembamba mno, rahisi kukatika. Hapo karatasi mbili hupitishwa pamoja, zimelaliana. Pande zinazogusa rola hung'aa. Zinazogusana zenyewe hufifia. Ni foili zilizopakwa dawa ya kuzuia chakula kisigande tu ambazo lazima ufuate maelekezo ya boksi.

Foili ya nyumbani ina unene wa takriban milimita 0.016, lakini huzuia mwanga, hewa na unyevu. Haishiki kutu kwa sababu aluminiamu ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba mgumu wa oksidi. Adui wa utando huo ni chumvi na uchachu. Kwa hiyo mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu usiulaze ndani ya foili usiku kucha. Ukiwa kwenye sinia la chuma na foili juu ikigusa vyote viwili, hatari huzidi: umeme mdogo hupita kama katika betri, na asubuhi unakuta foili ina matundu.

Tabia hiyohiyo ina faida yake. Bangili ya fedha iliyoingia weusi ilaze juu ya foili bakulini, umimine maji ya moto yenye bikaboneti ya soda. Salfa iliyoleta weusi huiacha fedha na kwenda kwenye aluminiamu, bila bangili kukwanguliwa hata kidogo.

Aluminiamu ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, ila imeshikamana na oksijeni. Kwa hiyo, ikiwa safi, zamani ilikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1884 Wamarekani waliitumia kuvika kilele cha Washington Monument. Mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuitenganisha kwa umeme, na bei ikaporomoka.

Umeme huo ni mwingi sana. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwishatumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya. Kwa hiyo foili yako ifute mafuta, ifinyange pamoja na nyingine iwe donge kubwa, umpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiichome wala kuitupa.