Fundi wa paa na advansi ya mteja anayefuata

Bati likitoboka Julai, hakuna anayejua. Dar es Salaam hukauka kati ya Juni na Septemba, na mwenye nyumba hana habari mpaka mvua za vuli zimwachie doa la kahawia kwenye jipsam ya sebuleni. Ndipo mtaa mzima unaanza kuwapigia simu mafundi walewale. Fundi anayesifika hakatai kazi hata moja, na ucheleweshaji unaanzia hapo.

Si tamaa peke yake. Fundi wa mtaani hana mtaji wala mshahara. Kinachomweka mjini ni advansi. Hela ya kuanzia unayomtumia kwa simu mara nyingi haifiki kwenye paa lako. Inanunua misumari ya mteja aliyekutangulia, au inamlipa saidia fundi anayemdai tangu wiki iliyopita. Kazi yako nayo itasogea atakapopatikana mteja mwingine wa kutoa advansi. Ndiyo maana anakuja siku ya kwanza, anabandua bati mbili, anaegesha ngazi ukutani, halafu simu haipokelewi. Ngazi ile haikusahaulika. Ukiiona kila asubuhi utaona aibu kumwita fundi mwingine.

Makadirio nayo hayadumu. Akiwa chini, fundi anakadiria kwa macho. Akishapanda ndipo anakuta kutu imezunguka matundu ya misumari, mipira ya vichwa vyake imekauka kwa jua, na papi, yaani mbao zinazobeba bati, zimeoza. Anahitaji mbao ambazo hazikuwamo kwenye hesabu. Mbao za paini zinazoletwa mjini kutoka Mafinga na msitu wa Sao Hill ni nzuri zikiwa zimekauka, lakini mbichi hupinda zikiwa juu ya paa na kulegeza misumari, na mwaka unaofuata mnaitana tena. Kwenye bati kuna mtego mwingine: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Anayedhani geji 30 ni imara kuliko 28 anauziwa akiwa anatabasamu, na duka analopelekwa na fundi huenda lina chochote cha kumrudishia fundi huyo.

Wateja nao wamo. Wengi wetu tunakarabati kwa awamu, hela ikipatikana. Fundi anasubiri bati ambazo hazijanunuliwa huku nyumbani kwake watoto wanataka kula. Akienda kutafuta riziki kwingine, anaitwa fundi maiko, yaani mbabaishaji.

Usimamizi haujafika huku chini. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, lakini anayekuja kubadilisha bati chache kwa kawaida hayumo kwenye daraja lolote. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Ni jambo jema, ila cheti kinahusu mkono wake, hakihusu Jumatatu aliyokuahidi. Mapatano ya mdomo yanatambulika kisheria, lakini sijamwona mtu akipanga foleni mahakama ya mwanzo kwa sababu ya laki mbili za paa.

Kwa maoni yangu, dawa iko kwenye namna ya kulipa. Nunua vifaa mwenyewe, vyote, kabla fundi hajagusa bati, na umlipe yeye ufundi tu, kwa hatua: mbao zikishafungwa, bati zikishapigwa, na kiasi kinachobaki baada ya mvua ya kwanza au baada ya kumwagia paa maji ya mpira kwa muda wa kutosha. Nauli na chakula cha siku mpe bila kubishana, kwa kuwa hicho ndicho kitakachomrudisha kesho. Na umwite Julai, wakati ana nafasi na bei inazungumzika. Ukingoja masika ya Aprili, utakuwa mmoja wa wengi wanaompigia.