Nyumba ya kupangisha: Chunguza kiwanja kabla ya kununua tofali

WAKULIMA wa Bukoba na Muleba wanajua hatari ya kutegemea zao moja. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipogundulika wilayani Muleba, migomba iliyougua ililazimika kung'olewa. Bei ya kahawa nayo hupanda na kushuka bila kumwuliza mkulima. Ndiyo maana fedha za msimu zikipatikana, wengi huwaza kujenga vyumba vya kupangisha, vinavyoingiza kodi hata msimu ukiwa mbaya.

Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi huulizia bei ya saruji kabla ya kuuliza kiwanja ni cha nani.

Kibanja cha ukoo

Kwa mila za Wahaya, kibanja ni mali ya ukoo, na ndugu huona wana haki ya kukikomboa kikiuzwa kwa mtu wa nje.

Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kwa Sh300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo huo. Ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akidai kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Alishinda hapo, akashindwa Mahakama ya Wilaya, kisha akakata rufaa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi hiyo.

Hukumu hiyo inajulikana kwa kutetea haki za wanawake, lakini mwekezaji asome pia sehemu yake ya mwisho. Ukoo ulipewa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kurudisha Sh300,000 zilezile. Kwa maneno mengine, mnunuzi aliyekuwa upande ulioshinda bado angeweza kurudishiwa fedha na kuondoka.

Kwa hiyo anayenunua kibanja ahakikishe ndugu wa muuzaji wanajua na wanasaini kama mashahidi. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wa muuzaji aridhie.

Wanaokimbilia rweya nao wawe waangalifu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo.

Wapangaji wako wapi?

Mjini Bukoba wapangaji ni watumishi, wafanyabiashara na wanafunzi. Wilayani Muleba hospitali za Rubya na Ndolage zina wauguzi na watumishi wanaohitaji vyumba vyenye maji na umeme, na Muleba mjini kuna walimu na wachuuzi. Karibu na mialo ya samaki wapangaji huhama kufuata samaki, hivyo chumba kinaweza kukaa kitupu kwa miezi kadhaa. Kabla ya kujenga, tembea eneo hilo na uhesabu vyumba vilivyo wazi. Vikiwa vingi, tafuta mahali pengine.

Piga hesabu

Chukua mfano wa mtu aliyetumia Sh14 milioni kwa kiwanja na vyumba vinne, kila kimoja Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka vitaingiza Sh1,920,000. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu, Sh160,000, na matengenezo Sh200,000. Toa pia kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU na mwaka 2023 ilipandishwa hadi Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Zinabaki Sh1,542,000. Fedha zitarudi baada ya miaka tisa na kitu.

Sasa tuseme fedha hizo zote zilikuwa mkopo wa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza inakaribia Sh2,380,000, ambayo ni kubwa kuliko kodi yote ya wapangaji. Nyumba haiwezi kulipa deni hilo, na kama kibanja ndiyo dhamana, kinaweza kupigwa mnada. Afadhali kujenga kwa fedha za msimu: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na vyumba viwili vikimalizika vipangishwe vianze kuchangia viwili vilivyobaki.

Somo la tetemeko

Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera na kuharibu maelfu ya nyumba. Anayejenga leo asibane matumizi kwenye msingi, nondo na lenta inayozunguka nyumba nzima. Nyumba ikibomoka, mwenye nyumba hupoteza mtaji, na mpangaji anaweza kupoteza maisha.

Nyumba ya pili

Usikimbilie kiwanja cha pili kabla ya kuwa na hati ya kwanza, iwe ya hakimiliki ya kimila kijijini au ya kumiliki ardhi mjini. Andika mkataba na kila mpangaji, hata wa chumba kimoja, useme kodi, muda, notisi na nani anabeba makato ya LUKU. Weka kodi ya pango katika akaunti yake, mbali na fedha za kahawa. Baada ya miaka miwili daftari litaonyesha kama nyumba inajilipa. Ikiwa inajilipa, ndipo utafute kiwanja kingine, nako uanze tena kwa kuuliza ni cha nani.