Mtoto Akiumia Mguu Mbali na Nyumbani

Wazazi wengi wa mashariki ya Kongo hutuma watoto wao kusoma Uganda. Kijana wa Beni au wa Butembo anapita mpaka wa Kasindi pamoja na sanduku lake na godoro lake, kisha anakaa bwenini karibu miezi mitatu bila kuona mama yake. Kwao alisoma kwa Kifaransa. Kule anafundishwa kwa Kiingereza. Siku za kwanza hana rafiki. Lakini akijua kucheza mpira anapata rafiki upesi, kwa maana mpira hauulizi mtu anasema lugha gani. Kwa hiyo kijana wa namna hii akiumia mguu, anaogopa kuliko wengine. Anaona kwamba akikosa mpira atakosa na rafiki.

Tumfikirie kijana mmoja wa miaka 15. Amegongana na mwenzake uwanjani, na kifundo cha mguu kimepinduka. Jioni kimevimba. Anawaza moyoni, "Nikisema, wataweka mwingine mahali pangu. Tena baba ameuza kahawa apate feza ya shule. Nitamwambiaje juu ya feza ya hospitali?" Basi anavaa soksi juu ya uvimbe, anamwomba mwenzake amkande kwa maji ya moto, na siku ya tatu anarudi uwanjani.

Kijana huyu si mwivi, wala si mvivu. Anawahurumia wazazi wake. Lakini amefanya vibaya, kwa maana mficha maradhi, kilio humfichua.

Sikilizeni sababu. Mifupa ya kifundo inafungwa pamoja kwa kano, ndizo kamba ngumu za mwili. Mguu ukipinduka, kano zinavutika au kupasuka, na damu inavuja ndani. Ndiyo maana panavimba. Maji ya moto na kuchua katika siku za kwanza huongeza uvimbe. Tena mfupa wa kijana una sehemu laini karibu na mwisho wake, ndipo mfupa unapokua. Mara nyingi sehemu hiyo huvunjika kabla kano hazijapasuka. Mtu anasema, "Ameteguka tu," kumbe mfupa umevunjika. Usipotunzwa vema, pengine mguu utakua umepindika, au utakuwa mfupi kuliko mwenzake.

Basi, mtoto akiumia, fanyeni hivi:

1. Aache mchezo saa ileile, hata kama anasema anaweza.

2. Wekeni kitambaa chenye maji baridi dakika 15 hata 20, mara kwa mara, siku ya kwanza na ya pili. Barafu ikipatikana, ifungeni ndani ya kitambaa, isiguse ngozi.

3. Fungeni kwa bendeji, lakini si kwa nguvu. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legezeni mara moja.

4. Alale, na mguu uwekwe juu ya mto au blanketi iliyokunjwa, upite urefu wa moyo.

5. Asikandwe kwa moto, asichuliwe, wala mguu usivutwe, siku tatu za kwanza.

Apelekwe hospitali ikiwa hawezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa kwa kidole, au mguu umepindika. Hata goti lililolia na kuvimba katika saa chache lionwe na munganga. Na kama mfupa unaonekana katika kidonda, au vidole vimekuwa baridi na kucha zimekuwa nyeupe, msingoje asubuhi. Kabla ya kumbeba, fungeni mguu pamoja na vijiti viwili vyenye kitambaa laini, vipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika.

Wako watu wanaojiita mafundi wa mifupa. Wengine hufunga vijiti kwa nguvu sana, na damu haipiti. Mguu usiopata damu unaweza kufa kwa muda wa saa chache, kisha munganga hana njia ila kuukata. Hata plasta ya hospitali yaweza kubana. Maumivu yakizidi ndani ya plasta, mgonjwa arudishwe hospitali usiku uleule.

Lugha nayo ni shida. Mtoto asiyejua Kiingereza vema husema "ndiyo" kwa kila ulizo ili waganga wasimchoke. Afadhali aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma. Mwalimu au mwanafunzi anayejua lugha yake aende naye.

Kisha kazi kubwa ni kungoja. Kano zilizovutika kidogo hupona karibu na majuma mawili. Zilizopasuka huomba majuma sita au zaidi. Mfupa wa muundi ukivunjika, huomba miezi mitatu au minne. Kano kubwa ya ndani ya goti ikikatika na kushonwa, kijana asirudi katika mpira kabla ya miezi tisa. Wakati wa kungoja asilale tu. Akiambiwa na munganga, akaze nyama za paja na kuzilegeza mara nyingi kila siku, zisikonde. Akila maharagwe, mayai, samaki wadogo na mboga, mwili utapata vitu vya kujengea.

Akipewa magongo, uzito uwe mikononi, si makwapani, kwa sababu gongo likibana kwapa mkono waweza kupooza. Penye ngazi ashike neno hili: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Sasa ninyi wazazi. Simu ikilia, msianze na feza, wala msigombeze. Ulizeni kwanza, "Unaweza kukanyaga? Vidole vina joto? Nani anakuletea chakula?" Mtoto aliyegombezwa leo hatasema kesho. Halafu semeni na mkuu wa shule mwenyewe. Mtoto akirudi nyumbani, arudi na barua ya munganga na picha ya mifupa, ili waganga wa huku wasianze kazi upya.

Na ninyi wanafunzi wenzake: mleteeni sahani yake, mchukulieni vitabu, kaeni naye jioni. Siku ya mchezo mpeni kazi kando ya uwanja, aandike magoli au atunze nguo za wachezaji. Mara nyingi jambo linalomwumiza kuliko mguu ni kulala bwenini peke yake akisikia kelele za wenzake uwanjani.

Kijana mpenzi, soma habari za Mefiboshethi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4 na ya 9. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, mlezi wake akakimbia naye kwa hofu, akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Alikaa Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi alipotuma watu kumwita, hakumwuliza kama anaweza kukimbia. Alimweka mezani pake kwa ajili ya Yonathani baba yake, akala hapo sikuzote, na miguu yake ilikuwa ileile.

Mungu hakukuita mwana kwa sababu ya mbio zako. Nafasi yako mbele yake haichukuliwi na mchezaji mwingine. Basi usiogope kusema, "Nimeumia." Mwambie mwalimu leo, kabla ya kulala, na kumwambia baba yako usingoje mwisho wa mwezi.